Asiyemmalizia Mtu Neno

Mshauri wa ajira pale chuoni hana haraka, na hilo ndilo linalowatesa wahitimu. Huvua miwani, huifuta kwa ncha ya mtandio, huirudisha machoni, kisha huuliza kwa sauti ya chini, kama anayeulizia njia: "Haya mwanangu, umesomea nini?" Siku moja aliyeketi mbele yake, akijiandaa kwa usaili wa kesho yake, alikuwa kijana mwenye kigugumizi. Tangu utotoni, mama yake na dada zake walimmalizia maneno kwa huruma. "Nimesomea u... u... u..." Neno likamkwama kooni kama mwiba wa samaki. Akamtazama mshauri kwa macho ya kuomba msaada. Mshauri akangoja. Rafiki aliyemsindikiza uzalendo ukamshinda: "Uhandisi, mama! Anasema uhandisi!"

"Hukuulizwa wewe," mshauri akajibu bila kugeuka. Jasho lilimtiririka kijana hadi kidevuni. Ndipo alipoona vidole vya mshauri vimeung'ang'ania ukingo wa meza, na midomo yake inalihangaikia neno lile lile bila kulitoa.

"U... uhandisi wa maji."

Mshauri akashusha pumzi ndefu kuliko ya kijana mwenyewe. "Vizuri. Sasa niambie, kwa nini wakuajiri wewe?"