Kifumbu Kilichoziba Kabureta

Sogeeni karibu, wajukuu zangu, na aliyewasha redio aizime, maana nna jambo bado linanikera.

Tulikuwa tunampeleka biharusi kwa mumewe, kutoka Mlandege kwenda Kiembe Samaki, na mimi somo yake, niliyemfunda, nimekaa naye nyuma. Dereva ni babake. Gari lake kuukuu lina kabureta mbili, na alilipenda kuliko sisi sote. Njiani likakohoa, likazima. Magharibi inakaribia, na kwa bwana harusi wanatungoja.

Wanaume wa mtaa ule wakamiminika na bisibisi zao.

"Kaza hiyo!"

"Legeza, we! Hewa haipiti!"

"Jamani, tutafika lini?" nikauliza.

"Tulia, Bi. Haya si ya jikoni."

Wakazifungua kabureta, wakapuliza, wakazirudisha. Gari likaguna, likazima tena. Mara biharusi, ambaye siku hiyo hatakiwi hata kukohoa, akafunua ushungi.

"Baba, asubuhi nilikuona na kifumbu cha mama. Ulichujia nini?"

"Petroli," akasema mzee, macho chini. "Nilitaka iwe safi, kwa ajili yako."

Kifumbu cha kuchujia tui! Kumbe zilizoziba ni chicha za nazi.

Tulifika kwa gari la ng'ombe, Isha ishaadhiniwa, wanja wa biharusi umemshuka mashavuni. Mwanamme atalichokonoa gari mpaka alimalize, lakini ukimuuliza amelitia nini, umemtukana.

Mzee alipofariki, wanawe wa kiume walirithi minazi ya Fumba. Gari alilipata biharusi, na boneti hafungui mwanamme yeyote.