Harufu ya Fosfoneti Ukweni

Mwishoni mwa miaka ya hamsini nilikuwa naosha vyombo vya kioo katika maabara ndogo karibu na Igowole. Mkemia wetu alikuwa akijaribu kutengeneza dawa ya wadudu inayofanana na ile ya maua ya pareto. Ili aunganishe vipande viwili vya kemikali, alitumia kimiminika kiitwacho fosfoneti. Kukitengeneza kulihitaji kuchemsha kitu chenye harufu kama ya vitunguu vilivyooza, na harufu hiyo haikutoka kwenye nguo zangu hata kwa sabuni ya magadi.

Nikaenda nayo ukweni, siku ya kupeleka posa.

Kwetu mchumba hasemi, mshenga ndiye husema. Hilo lilinifaa sana, maana mbele za watu ulimi wangu ulikuwa mzito. Mshenga wangu alikuwa mjomba, aliyejua kusema na kula pia. Tulikaribishwa makande, naye akaanza kunisifu. Shangazi wa binti, ambaye neno lake ndilo lililokuwa la mwisho pale nyumbani, akaziba pua kwa kanga. Aliuliza kama nafanya kazi ya kuzika mizoga. Mjomba hakujua nafanya kazi gani. Shangazi akasema hawamtoi mtoto wao kwa mtu ambaye kazi yake haijulikani, akanigeukia mimi.

Jasho likanitoka. Nikaeleza polepole, macho yangu kwenye mkeka. Nilisema dawa ile inayonuka, fosfoneti, hushika kipande kimoja, ikakipeleka kwa cha pili, na vikishashikana kwa mikono miwili, yenyewe huachia. Kisha mimi humimina maji na kutikisa, na mabaki yake huondoka na maji. Dawa waliyoitumia wakemia zamani, mabaki yake yalikuwa yanang'ang'ania.

Shangazi akaishusha kanga puani.

"Basi hiyo ni mshenga," alisema. "Tena mwenye adabu, akimaliza kazi anaondoka." Akamtazama mjomba, aliyekuwa anavuta bakuli la pili, kisha akanigeukia. "Huyu wako, mwanangu, ni ile dawa ya zamani."

Hata baba wa binti, ambaye hakuwa ametabasamu tangu tuingie, alicheka mpaka akakohoa. Mjomba alicheka pia, bila kuliachia bakuli.

Shangazi akaagiza nipewe maji ya moto nikaoge, ndipo tupange siku ya harusi. Nilioga mpaka ndoo ikakauka. Harufu ilibaki vilevile. Jioni binti alipokuja kuninawisha, alijaribu kuziba pua kwa bega, kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa imeshika birika, na maji mengi yaliishia kwenye suruali yangu.