Suruali za Idi na Mstari Ulionyooka Mno

Fundi wa suruali wa pale Kimironko amefariki. Habari ilinikuta Jumanne kwenye foleni ya maharage, na wala sikuambiwa mimi: msichana wa mbele yangu alikuwa akimweleza mwenzake kwamba sketi yake ya shule sasa hajui nani ataimaliza. Niliiacha sahani palepale. Ninyi mnaosoma kona hii ya gazeti letu la ukutani mmenizoea kwa mambo madogo madogo, mvua na makelele ya darasani, na mnajua naandika kwa sababu kusema kunanishinda. Leo naandika nikiwa na hasira, na fungu kubwa la hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Marehemu alikuwa na desturi moja. Kila Idi alijishonea suruali mpya, na kila mara alijipima kiuno upya, akaandika sentimita na tarehe kwenye daftari lake la wateja, kama vile naye ni mteja. Hakuamini kipimo cha zamani, hata cha kwake. Alisema mwili wa mtu hautulii. Mwaka huu, baada ya Idi, suruali ikaanza kumshuka wakati anakanyaga cherehani. Akajipima tena baada ya wiki, na wiki nyingine, na nyingine. Mimi nilikuwa napita kwake jioni kumchukulia mama vitambaa vya mabaki, nikisimama kando mpaka anione. Siku moja, aliposikia kwamba shuleni tunafundishwa kompyuta, akanifungulia lile daftari. Akaniambia, "Binti, peleka hizi kwa hiyo odinateri yenu. Tepu yangu iko na chuki na mimi." Wateja wakacheka. Nilinakili tarehe zote kumi na vipimo vyake, nikaondoka.

Shule yetu ina kompyuta mbili, na zamu ya mwanafunzi ni nusu saa kwa wiki, umeme ukitaka. Niliandika tarehe safu ya kwanza, sentimita safu ya pili, nikaagiza mchoro wa mstari. Ukatoka mstari mzuri ajabu, unateremka taratibu, karibu sentimita mbili kila hatua, kama ngazi ya kanisa. Nilipompelekea karatasi yake, mzee alifurahi nao kuliko suruali zote alizowahi kushona. Kesho yake akaenda nao zahanati, na daftari akaliacha nyumbani, kwa kuwa karatasi ya mashine, alisema, ina heshima zaidi mbele ya waganga. Muuguzi alikuwa na foleni ndefu. Aliutazama mstari, akamwambia ni umri, anywe maziwa, na tena siku hizi za vita nani hapungui. Mzee akarudi ananiita daktari mbele ya watu.

Wiki chache baadaye, kwenye somo la jiografia, tulikuwa tunachora mvua kwa penseli kwenye karatasi ya miraba. Mwalimu akatukemea: mwezi ambao mvua haikupimwa uachiwe mraba wake, msisogeze nukta kujaza nafasi. Hapo nikaitoa nakala yangu ya vipimo vya fundi. Idi hizi mbili hupishana miezi miwili na kitu, halafu unangoja karibu miezi kumi ndiyo ije nyingine. Vile vipimo vya mwisho vilipishana wiki moja moja. Kompyuta ilikuwa imeziona tarehe zangu kama majina tu ya kuandikwa chini ya nukta, ikazipanga zote kwa nafasi sawa: miezi kumi hatua moja, siku saba hatua moja. Nilichora upya palepale, nikihesabu miraba. Sehemu ya Idi ilikuwa mteremko mpole, miaka mitatu mizima. Halafu, pembeni kabisa kulia, mstari ulianguka kama jiwe.

Sasa sikilizeni nilichofanya. Jioni ile nilipita kwake, nikakuta wanaume wawili wanamtania juu ya mkanda wake, nikapita. Siku ya pili nilijiambia penseli yangu haiaminiki, ningoje zamu ya kompyuta. Zamu ilipofika umeme haukuwapo. Ya pili nikaipata, na mwalimu akanionyesha kwamba kuna mchoro mwingine, wa nukta, ambao unautumia ukiwa umehesabu siku tangu kipimo cha kwanza na kuziandika kama namba. Nikafanya hivyo. Ikatoka ileile picha ya penseli. Tangu siku ya jiografia zilikuwa zimepita siku tisa.

Nilimkuta peke yake. Niliweka karatasi juu ya cherehani nikaeleza vibaya, kwa kigugumizi, lakini mtu anayepima nguo hahitaji maelezo mengi. Aliweka kidole pale mstari unapoanguka. Akaniuliza nimelijua hili lini. Nikamwambia. Akakunja tepu yake polepole.

"Mwanangu," akasema, "kama kusema kunakuwia kazi, si ungeniandikia? Mimi najua kusoma."

Asubuhi akaenda hospitali kubwa mjini, safari hii na daftari. Walimlaza. Hakurudi tena kwenye cherehani.

Msibani nilimwona yule muuguzi, amekaa na wanawake wengine. Alisema, kwa sauti ya chini, kwamba ile karatasi ilikuwa safi mno hata hakukumbuka kuzisoma tarehe zilizoandikwa chini. Nikamwambia ni mimi niliyeichora. Alinitazama, akanisogezea nafasi mkekani. Hakuna aliyenilaumu, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Mwalimu anasema mashine ilifanya nilichoiagiza. Mjane anasema ni amri ya Mungu. Mama akanituliza kwa methali, kawia ufike. Mimi nilikawia, na sikufika. Naona tumekuwa watu wa kuamini kitu kikishapigwa chapa, hata kama mwenye mwili amesimama mbele yetu ameishikilia suruali kwa mkono.

Sijui kama siku tisa zingemwokoa. Nilijaribu kuziweka kwenye mchoro, na pale ambapo mstari wake unaanguka, siku tisa ni karibu sentimita tatu za kiuno. Kwa hiyo wenzangu mlio wazito wa kusema kama mimi, somo nililolipata ni hili: ukijua jambo linalomhusu mtu mwingine, si lako kulitunza mpaka lipendeze. Liandike kwenye karatasi yoyote iliyo karibu, umpe mkononi siku hiyohiyo, hata kama utachekwa, hata kama umekosea.