Nyoka Kwenye Sanduku la Mwende Amekataa Kula

Admin, jina langu usiliweke, ingawa najua ni kazi bure. Tawa ni ndogo, na mwenye mashine ya kusaga anayeishi na nyoka ni mmoja tu.

Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na nne. Mke wangu alifariki miaka mitatu iliyopita. Tuna binti mmoja, Mwende, ameolewa Kitui na ana watoto wawili. Nina tumbo la mtu aliyeoa na shati la mtu ambaye hajaoa. Nywele zangu zina unga saa zote, kwa hivyo mvi hazinisumbui, hakuna anayejua ziko ngapi.

Mwezi uliopita wateja wangu walimkuta nyoka nyuma ya magunia ya mahindi. Mama mmoja alikuwa ameshainua jembe. Bahati yake nyoka, fundi wangu Kimanzi alikuwa amekuja kubadilisha mshipi wa mashine, na zamani Kimanzi alifanya kazi mahali pa kufugia nyoka huko pwani. Akamwokota kwa mkono kama mtu anayeokota kamba.

"Huyu hana sumu," akasema. "Amekuja kula panya wako. Mzee, ungefaa kumwandika kazi."

Wateja hawakucheka. Walisema huyo nyoka akibaki, mahindi yao watapeleka kwingine. Nikamtia kwenye gunia, nikasema nitamwachilia njiani nikienda nyumbani. Sikumwachilia. Mpaka leo siwezi kueleza vizuri, ila nilipofungua mlango jioni hiyo nilijikuta nasema, "Karibu ndani." Nilikuwa sijayasema hayo maneno tangu matanga yaishe.

Nilimweka kwenye sanduku la bati ambalo Mwende alienda nalo sekondari. Jina lake bado liko hapo kwa rangi nyeupe. Nikatoboa matundu kwa msumari.

Sasa, susu wangu, yaani nyanya yangu, alikuwa na desturi yake. Nyoka akiingia kwa nyumba hapigwi. Anamwagiwa maziwa mlangoni, kwa sababu huenda ni mtu wa ukoo amekuja kuwaona. Mimi ni mtu wa kanisa, hayo siyaamini. Lakini maziwa niliweka. Hakugusa. Nikaweka yai. Nikaweka nyama ya mbuzi, nimeikatakata ndogo ndogo kama ya mtoto. Siku moja, mnisamehe, niliweka muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa na maharagwe. Kila jioni nilivuta kiti, nikafungua mfuniko, sahani yangu magotini, nikamweleza bei ya mahindi na nani amekosana na nani kwenye foleni. Yeye alijikunja kona, ananiangalia. Nilikuwa nakula peke yangu, lakini tukiwa wawili.

Kina mama wa kanisa waliokuwa wakija kuniombea kila Jumatano sasa wanaombea langoni. Habari zikafika Kitui, Mwende akapiga simu.

"Baba, ni kweli?"

"Ni kadogo tu."

"Mimi siwezi kuleta watoto kwa nyumba iko na nyoka. Si ungechukua hata paka?"

Alikuwa amekasirika, na mimi nilikuwa natabasamu, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza mwaka huu anipigie yeye. Mama yake alipofariki nilikuwa nampigia asubuhi, saa nne, mchana na jioni, kumuuliza amekula nini. Ikafika siku akaniambia polepole, "Baba, niache kidogo nipumue." Nikamwacha. Habari ya sanduku lake sikuitaja.

Wiki ya tatu, mgongo wa nyoka ukaanza kuchongoka. Nikamwita Kimanzi nyumbani. Alipoona kikombe cha maziwa alikaa chini ndio acheke vizuri.

"Mzee, nyoka hanywi maziwa. Huyu ni wa panya."

"Panya nilimpa juzi. Alimwangalia tu."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Hapa kwa kiti."

"Muda gani?"

"Mpaka usingizi ulipokuja."

Akaacha kucheka. "Basi si kwamba hana njaa. Hana nafasi. Wewe ukikodolewa macho hivyo, ungemeza? Tafuta panya aliyekufa kwa mtego, si kwa dawa. Mpashe joto kwa maji moto, muweke, funika sanduku, halafu utoke nyumbani. Si uende chumba kile kingine, nakujua. Utoke. Urudi baada ya masaa matatu."

Juzi nilijaribu. Nilifunika sanduku kwa leso ya marehemu, nikafunga mlango, nikasimama nje na funguo mkononi. Nikaenda nikazunguka mashine yangu mara mbili, nayo imefungwa. Watu walikuwa manyumbani kwao wakila. Huwezi kubisha mlango wa mtu wakati wa chakula bila sababu, na sababu yangu ingekuwa gani, kwamba nyoka wangu anataka faragha? Baada ya dakika kumi na tano nilikuwa nimerudi. Niliinua leso pembe moja tu. Panya alikuwa mdomoni, kichwa kimeshaingia. Nyoka akaniona. Akamtema.

Kimanzi anasema nyoka amebakisha nguvu za kujaribu mara moja tu. Najua mtaniambia kuna sheria ya wanyama wa porini. Nitamrudisha kichakani, hilo nimekubali, na Mwende nitamwambia alete watoto. Lakini mgeni hawezi kutoka kwangu na njaa, susu angenilaani. Lazima ale kwanza. Mtego nimeutega na leso nimeifua. Ni kesho jioni.

Kumlisha sasa najua. Kilichonishinda ni hayo masaa matatu. Nishaurini ndugu zangu, kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu, mtu kama mimi hapa Tawa huwa anaenda kwa nani?