Masizi ya Chungu cha Mama

Kazi yangu katika jumba letu la makumbusho hapa Morogoro ni ya kila kitu: nafungua milango, nafuta vumbi, napanga maonyesho, naandika vikaratasi vya maelezo. Majivuno pia ninayo, nisifiche. Tulipoandaa maonyesho ya vyungu vya milimani, nilishajiamulia moyoni kwamba chungu cha mama yangu lazima kikae kwenye kabati la kioo, pale katikati ya ukumbi.

Mama ni mfinyanzi huko juu Uluguru, nilikozaliwa. Nusu ya wanawake wanaofinyanga kijijini kwetu amewafundisha yeye. Nilipompa habari alifurahi, akafinyanga chungu kipya, chekundu, mdomo umenyooka hadi raha. Mratibu wa maonyesho, dada mmoja mtaalamu wa sanaa kutoka Dar es Salaam, alikisifia sana, kisha akasema anataka kile anachopikia mama kila siku.

Basi nikapanda mlima tena. Chungu chenyewe nilikikuta kwenye mafiga, cheusi tii kwa masizi.

"Hicho?" mama akashangaa. "Hicho ndicho cha kupeleka mbele za watu?"

"Ndicho wanachotaka, mama."

"Wanataka wao. Na wenzangu je? Wote wanashuka siku ya ufunguzi. Waje wakute masizi yangu yamewekwa kwenye kioo, waseme mwalimu wao mchafu?"

Nikamwambia mambo ya mjini ni tofauti, asiwe na wasiwasi. Nikakifunga kwenye khanga, nikaondoka nacho. Mama hakunizuia, na mimi nikadhani amekubali, mjinga mimi.

Kwetu chungu cha kila siku kinabaki na masizi yake, hakuna anayehangaika nacho. Lakini mgeni akitarajiwa, kinasuguliwa mpaka udongo uonekane. Hilo nalijua tangu utotoni, maana msuguaji nilikuwa mimi. Sijui siku ile nilikuwa na nini kichwani.

Siku ya ufunguzi mama alifika mapema, kabla ya wenzake, baibui limepigwa pasi, kikapu mkononi. Nikamwamkia, nikamwonyesha kabati, nikamwacha hapo nikaenda chumba cha nyuma kuchukua viti. Kabati sikulifunga, kwa sababu nilikuwa bado nafuta kioo. Niliporudi, jamani! Mama amekaa sakafuni, miguu kainyoosha, chungu kakipakata, dodoki mkononi, jivu na chupa ya maji pembeni. Anasugua. Upande mmoja ulishakuwa mwekundu.

"Mama! Unaniharibia kazi!"

"Wewe umeshaniharibia yangu," alisema, wala hakuinua uso.

Mratibu akaingia, akaona, akashika kichwa kwa mikono miwili. Nikamwambia huyu ni mama yangu, ndiye mwenye chungu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mama wala hakushtuka. Alisalimia vizuri, akamaliza kusugua, akakifuta chungu kwa upindo wa khanga, akakirudisha kabatini mwenyewe. Kisha akasimama kusoma karatasi yangu ya maelezo. Aliisoma kwa sauti, polepole: "Chungu cha kupikia. Tazama masizi ya miaka mingi jikoni."

Akanigeukia. "Mwandiko wako huu."

"Ndiyo, mama."

"Basi na karatasi nayo ioshwe."

Hakuwa akitania. Macho yake yalikuwa yamelowa, na mama yangu si mtu wa kulia. Hapo ndipo nilipoona aibu yenyewe, kazi nikaisahau. Nikaichana ile karatasi mbele ya mratibu. Alimtazama mama, kisha akanipa kalamu yake. Nikaandika nyingine: jina la aliyekifinyanga, kijiji chake, na kwamba wengi wa wafinyanzi wa kule ni wanafunzi wake.

Wenzake walipoingia walikwenda moja kwa moja pale kwenye kioo. Mmoja akasoma, vigelegele vikajaa ukumbi mzima. Mama alicheka nao mpaka akajishika kiuno. Wakati wa kuondoka, mimi aliniaga kwa kutikisa kichwa tu.

Maonyesho yalipokwisha, chungu nilikituma kwa jirani aliyekuwa anapanda kijijini. Mwenyewe nilikaa majuma kadhaa bila kwenda. Niliogopa, niseme ukweli. Siku nilipojikaza nikaenda, nilipiga hodi kwa adabu zote, nikabaki nimesimama barazani na mkate wangu wa mjini. Kimya. Nikapiga tena.

Mama akaniita kutoka jikoni, nyuma ya nyumba. Nikazunguka. Chungu kilikuwa kwenye mafiga, maharage yanatokota, masizi yamerudi kama zamani. Aliniona nakitazama. Hakukifunika, wala hakujisogeza kukikinga.

"Ulikuwa unambishia hodi nani?" aliniuliza. "Hebu ingia uchochee moto."