Mwaka Niliokikimbia Chakula

Jioni nyumba yetu, nje kidogo ya Bungoma, ilinukia ugali wa wimbi na mboga za kunde zilizopikwa kwa maziwa. Ndugu zangu walimeza mate; mimi nilitoka nikajificha nyuma ya ghala. Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa na miaka kumi na minne. Nilimsikia mzee mmoja akimwambia baba kwamba nimeiva, niolewe. Nikawaza: nikikonda wataniona bado mtoto, nami nitaendelea na shule. Basi nikaanza kwa hila, tonge moja kwangu, matatu kwa mbwa. Lakini hila ikanitawala. Hata habari za ndoa zilipopoa, nilikitamani chakula na kukiogopa kwa pamoja. Nywele zikapukutika, kilima cha kwenda kanisani kikanishinda. Majirani walisema nimerogwa. Baba alisema ni kiburi, akanichapa.

Ndipo Senge, yaani shangazi yangu, dada yake baba, alipokuja akanichukua kwake Kitale, akanipeleka hospitali. Muuguzi mmoja, mama wa makamo, alimwomba Senge atupishe.

"Mwanangu, tumbo lako ni zima. Unaogopa nini?"

Mficha maradhi kifo humuumbua. Nikamweleza yote. Akaagiza baba aitwe, na alipofika akamwambia mbele yangu, "Mzee, huyu si mkaidi. Anaumwa na hofu ya kuozwa, na fimbo haitibu hofu."

Baba akazungusha kofia yake mikononi. "Utasoma mpaka wewe mwenyewe useme basi," akaniambia. "Sasa kula, mama."

Hamu ya kula haikurudi siku hiyo. Kwa miezi Senge aliketi nami kila mlo: uji vijiko vitatu, wiki iliyofuata vinne, huku akinisimulia vituko vya sokoni. Kuna siku nilitema. Kuna siku nilimtukana. Akaosha bakuli, tukaanza tena. Kisha asubuhi moja niliamka nikapaza sauti, "Senge, nasikia njaa!" Alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja mbio, wakidhani kuna mtoto amezaliwa.

Siku hizi ugonjwa ule una jina na madaktari wake. Sisi hatukujua hata kuuita, na bado tuliushinda. Baba alitimiza neno lake, nikasoma hadi nikawa mwalimu. Nimezaa watoto sita, na nimewazika wengi walionitabiria kaburi. Juzi fundi cherehani alinipima kiuno, akakuna kichwa. "Nyanya, hiki kitambaa hakitoshi." Nilicheka mpaka nikatafuta kiti, nikamtuma dukani akalete kingine.