Bamba la Chuma Ndani ya UPS

Mpaka leo nikimwona mtu dukani ananyanyua kifaa, anakipimapima kwa mkono, kisha anasema ni feki kwa sababu hakina uzito, natamani nimpokonye. Kuna bamba la chuma juu ya meza yangu ya kazi hapa Kibamba. Kila nikilitazama, hasira inanipanda upya.

Miaka miwili nilikuwa nachora na kufuta, naunguza saketi na kuanza tena, nikitafuta UPS ndogo, kile kifaa cha betri kinachoshikilia umeme unapokatika. Zile za zamani zina transfoma ya chuma, donge zito, kwa sababu umeme wa ukutani unageuka polepole, mara hamsini kwa sekunde. Ukiugeuza mara maelfu kwa sekunde, donge lile halihitajiki tena. Transfoma inaenea kiganjani. Ya kwangu niliibeba kwa mkono mmoja. Siku ilipowaka bila kulipuka nililia, wala sioni haya kusema.

Mwenzangu niliyesoma naye chuo, ambaye ndiye aliyekuwa akitafuta wateja, akapata kituo cha afya jirani. Wodi yao ya watoto ilikuwa na mashine ya oksijeni, na umeme ukikatika, jenereta ilichukua kama dakika kumi kuwashwa. UPS ilitakiwa kushikilia dakika hizo kumi tu.

"Shikamoo daktari," nilimwamkia mganga mfawidhi, mkuu wa pale.

"Marahaba." Akainyanyua, akacheka. "Binti, hii si hotpoti? Mbona nyepesi hivi? Nyie watoto wa siku hizi mnatuletea maganda."

Nikamfungulia aone ndani. Nikaiwasha mbele yake, ikaendesha mashine dakika ishirini nzima. Yeye muda wote alikuwa anatazama saa yake. "Lete kitu cha maana," akasema.

Njiani mwenzangu akaniambia, "Sista, mbona ishu ndogo hiyo? Mzee anataka uzito, tumpe uzito. Weka chuma chini, basi."

Nilimtukana. Kesho yake nikaweka. Mkono uliokaza zile skrubu ulikuwa wangu. Nilichomoa bamba kwenye UPS kuukuu, nikalifunga chini ya transfoma yangu, juu ya matundu ya hewa niliyoyachora mwenyewe. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anajua kwamba chuma kikikaa karibu na transfoma ya aina ile kinapata moto. Nilijua. Nikaijaribu dakika tano, haikuzima, nikajiambia itatosha.

Mganga mfawidhi aliinyanyua kwa mikono miwili, akaguna kwa kuridhika. "Umeona sasa? Hii ndiyo mashine."

Wiki ya tatu umeme ulikatika mchana, na wodini kulikuwa na mtoto wa miezi saba mwenye nimonia. UPS ilishikilia dakika sita, ikapata moto, ikajizima. Muuguzi wa zamu alikimbilia chumba cha uzazi, akauburuta mtungi wa oksijeni peke yake hadi kitandani. Alipofika, midomo ya mtoto ilikuwa imeshaanza kubadilika rangi. Akamuwahi.

Walinipigia simu, nikaenda mbio, nikaifungua palepale wodini. Muuguzi alisimama pembeni yangu, sare yake ya kazi imelowa jasho. Akanyoosha kidole kwenye bamba. "Hiki kinafanya kazi gani?"

Mganga mfawidhi alikuwa mlangoni. Nilitaka kupiga kelele, nimwambie amuulize yeye na mikono yake miwili. Lakini yeye hakuwa amesomea transfoma. Mimi nilikuwa nimesomea.

"Hakina kazi," nikasema. "Ni uzito tu."

Mganga mfawidhi akasema yeye si fundi, akaondoka zake. Muuguzi akageuka, akarudi kitandani kumtazama mtoto. Natamani angenizaba kofi.

Nikalifungua bamba, bado lina joto, nikalifunga kwenye kitambaa na kulitia kwenye begi. Nilipoinuka, mama wa yule mtoto akanishika mkono. Alikuwa amempakata mwanawe, anapumua vizuri sasa. "Asante dada, umekuja haraka kututengenezea," akasema. "Mungu akubariki."

Nami, na bamba lile ndani ya begi, nikaitikia, "Amina."